Shali ya Kiwelisi Niliyoigawa

Mke wangu alikuwa Mwelisi, na aliyemwita Mwingereza alijitafutia ugomvi na watu wawili, yeye na mimi. Yeye alikasirika kwa adabu. Mimi sina adabu hiyo, hasira zangu ziko karibu, na watu wa kanisani wanalijua hilo. Waswidi wakimuuliza anatoka wapi, akisema Welisi, walitikisa kichwa na kusema aha, Uingereza. Hata Wakenya wenzangu baada ya ibada, kikombe cha chai mkononi, walisema si ni huko huko tu. Siku moja alimgeukia mzee mmoja wa Machakos akamwambia, kwa Kiswahili chake cha jikoni, kwamba kuanzia leo atamwita Mmasai, maana si ni huko huko tu. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika, na mzee yule hakurudia tena.

Tulikutana kwenye darasa la Kiswidi la wageni. Mwalimu alitaka kila mtu asimulie jambo moja la shuleni kwao. Nikaeleza kile kibao tulichovishwa shingoni tukishikwa tunasema lugha ya mama. Unakaa nacho mpaka umnase mwenzako, na jioni aliyebaki nacho anachapwa. Darasa zima lilinionea huruma. Yeye hakunionea huruma. Aliweka kalamu chini akasema bibi wa bibi yake alivishwa kibao kama hicho, kwao, kwa kusema Kiwelisi. Nilirudi Akalla, mtaa ninaokaa hapa Stockholm, siku hiyo habari yangu imekwisha. Huyu mzungu, nilijiambia, ni mtu wa kwetu.

Alikuwa na sanduku jeusi la bati chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na mavazi ya kina mama wa kwao: sketi nyekundu ya sufu, gauni lililo wazi kwa mbele, aproni nyeupe, kofia nyeusi ndefu kama sufuria iliyopinduliwa, na shali. Hakuyaringia. Alinieleza akicheka kwamba kofia ile, inayopigwa picha kwenye kila kadi ya posta ya kwao, ilivumishwa zamani na bibi mmoja tajiri aliyetaka wanawake wa nchi yake wapendeze machoni pa wageni, na kwamba hiyo yake aliinunua katika duka la watalii. Nikamwambia asijali, hata shuka za Wamasai zilikuja kwa meli.

Lakini shali hakuifanyia mzaha. Ilifumwa kijijini kwao, sufu nzito ya rangi ya maziwa yenye mistari myekundu na myeusi, na ilikuwa mbeleko. Ndiyo, mbeleko. Wanawake wa Welisi walibeba watoto kwa shali, ila wao humweka mtoto kifuani, shali inapita begani, inamzunguka, inabanwa chini ya mkono. Mama yake alibebwa humo, naye mwenyewe akabebwa humo. Binti yetu nilimwona kwa macho yangu akibebwa humo kwenye theluji ya Akalla, na majirani wa Kisomali wakamsimamisha mama mtu kumuuliza amejifunzia wapi. Desturi yao ilikuwa hivi: binti akishafika miaka kumi, tarehe mosi Machi, sikukuu ya Wawelisi, anavishwa shali ile mabegani. Tangu hapo ni yake mpaka apate mtoto wake wa kumbeba.

Mke wangu alikufa Septemba. Binti yetu alikuwa na miaka tisa.

Ugonjwa sitausimulia. Nitasimulia siku ya arobaini, kwa sababu hapo ndipo nilipofanya langu. Kwetu nguo za marehemu hazikai ndani. Matanga yakiisha zinatolewa, wanagawiwa ndugu na marafiki, ili aliyekwenda apumzike na waliobaki waache kunusa makoti. Dada yangu mkubwa, anayekaa Tensta, mtaa wa jirani, ndiye aliyesimamia. Alikuja na kina mama wa kanisani, wakajifunga leso viunoni, wakapanga nguo kitandani marundo marundo. Mimi nilisimama dirishani nikitazama magari yaliyoegeshwa. Nikasikia sanduku linaburutwa.

"Na hili je?" dada akauliza.

Sikugeuka. Nilijua ni sanduku gani, lina sauti yake likiburutwa, na nilijua kilichomo. Nikasema, "Toa kila kitu." Akauliza tena, polepole, kama nina hakika. Nikamfokea mbele ya wageni kwamba nimesema kila kitu, au siku hizi hasikii Kiswahili. Basi wakatoa kila kitu. Mtoto alikuwa shuleni, nami nilitaka arudi aikute nyumba nyepesi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo yangu, na naona haya kuyaandika.

Nyumba haikuwa nyepesi. Binti yangu tangu utoto nikimsemesha kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiswidi, hilo nimelizoea, watoto wetu wote hapa wako hivyo. Lakini baridi ile hata Kiswidi kilipungua. Ndiyo, hapana, sijui. Jumapili alijifungia chumbani na simu akazungumza na bibi yake kwa Kiwelisi, saa nzima, na mimi nikabaki korido nikisikiliza lugha nisiyoijua ikimtoka kama maji. Siku moja ya Januari bibi mtu aliomba kuzungumza nami. Akasema kwa Kiingereza cha taratibu kwamba labda mtoto angekaa naye mwaka mmoja au miwili, kuna shule nzuri huko ya lugha yao. Nikasema asante, nitafikiri. Nilipokata simu nilipiga kiti teke, na kidole kinanikumbusha hadi leo. Angekuwa mtu mwingine ningemjibu yangu. Lakini mama mkwe hafokewi. Kwetu hata usoni hatazamwi.

Katikati ya Februari mtoto akaja akasimama mlangoni mwa jikoni. Alikuwa ameshatimiza kumi. Akasema mama aliahidi, na bibi atafika tarehe ishirini na nane kumvisha, na kesho yake wataenda kwenye ukumbi wa kanisa ambako Wawelisi wachache wa Stockholm hukutana. Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizonipa tangu mazishi. Mwishoni akauliza sanduku liko wapi.

Nikamwambia liko stoo ya chini. Uongo mtupu, na ulitoka bila hata kukohoa.

Hapo ndipo nilipoona nilipofika. Huyu mtoto ndiye peke yake niliyebaki naye. Akijua kwamba vitu vya mama yake nilivigawa kama mitumba, na kwamba sikutazama hata kilichokuwa kinatolewa, atapanga begi mwenyewe aondoke na bibi yake, na sitakuwa na neno la kumzuia. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalikuwa yamekaa sebuleni tayari yakinisubiri. Nililia jikoni, bomba la maji likiwa wazi ili asinisikie.

Nilimpigia dada simu nikaanza kumlaumu. Aliniacha nikamaliza. Kisha akanikumbusha ni nani aliyemfokea nani, mbele ya nani, na kwa maneno gani. Kisha, kwa kuwa ni dada, akanieleza kila kitu kilikwenda wapi. Sanduku lenyewe, sketi, gauni na aproni alivichukua yeye, na hakuvigusa. Alijua nitakuja kuviulizia. Lakini kofia na shali viligawiwa pale pale mbele ya watu, na kitu kilichotolewa kwa jina la marehemu hakidaiwi. Alilisema hilo mara mbili. Nikasema liwalo na liwe, nitadai.

Kofia ilikuwa Tensta, kwa mama mmoja wa kwaya. Nilimkuta Jumapili akitoka ibadani na kofia iko kichwani, imezungushiwa utepe wa zambarau, mama katulia chini yake kama askofu. Watu wamezoea. Ilinibidi nitembee naye mpaka kituo cha basi nikimweleza shida yangu, na kila aliyempita aliisifu kofia. Alinisikiliza, akafungua utepe wake akautia mkobani, akanipa kofia, akabaki kichwa wazi kwenye baridi ile. Akasema mume wake asingekuwa na uso wa kurudi kuomba. Alikusudia kunisifu au kunitukana, sikujua, na sikuwa na nafasi ya kujua.

Shali ilikuwa Fisksätra, upande wa pili wa mji. Alipewa dada mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, ambaye siku ile ya arobaini alikuwa mjamzito wa kuonekana. Mke wangu alikuwa akimsindikiza kliniki amtafsirie, mpaka nguvu zilipomwisha. Simu yake haikupokelewa. Dada alijaribu, mimi nikajaribu, siku zikaenda. Zilipobaki siku mbili niliomba ruhusa kazini nikaenda mwenyewe, tarehe ishirini na saba, treni mpaka mjini, basi mpaka pale wanapobadilishia, kisha kale katreni ka Saltsjöbanan. Njia nzima nilipanga maneno. Nitaanza na salamu, nitauliza hali ya mtoto, nitasifu nyumba, ndipo nitaingiza langu.

Alifungua mlango mtoto akiwa mgongoni. Mtoto alikuwa amefungwa ndani ya shali ile, fundo kifuani kwa mama, kilichoonekana ni kikofia tu na nusu ya shavu. Maneno yote niliyoyapanga yalikimbia. Aliniita papa, ndiyo baba kwa watu wa kwao, akanikaribisha, akaniwekea chai na maandazi, akaanza mwenyewe kunipa pole upya. Kisha akanihadithia. Mtoto alizaliwa Desemba kabla ya wakati, mdogo wa kutisha, na tangu watoke hospitali hakubali kulala kitandani. Analala humo tu. Alisema marehemu alikuwa amemwonyesha picha ya binti yetu ndani ya shali hiyo hiyo, ndiyo maana alipopewa siku ile alilia. Hakuwa anajitetea, kwa sababu hakujua kilichonileta. Alikuwa ananishukuru.

Mtu mwenye akili zake angekunywa chai akaondoka. Au angeomba aiazime kwa siku moja, Jumamosi, airudishe Jumapili. Wazo hilo jepesi, ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelipata, mimi halikunijia. Nilichoona ni mwanangu na begi mlangoni. Nikamweleza kwamba ilitolewa kwa makosa, kwamba ni ya binti, na mama yake aliahidi.

Aligeuza shingo akamtazama mtoto mgongoni. Kisha akasema, "Kama ni ya mutoto wake, utwae, papa. Mie sikujua."

Akafungua fundo. Mtoto aliamka akalia kabla hata hajatoka mgongoni. Akamfunga kwa taulo, taulo likateleza, akamweka begani. Nami nilikuwa tayari naikunja shali, haraka haraka, asije akabadili mawazo. Ilikuwa na joto. Nikaahidi kesho yake nitamletea blanketi zuri, la sufu. Kilio kile nilikisikia ngazi zote mpaka chini, na nikakimbilia treni.

Kesho yake sikupeleka blanketi. Mkwe alifika, nikaenda kumpokea uwanja wa ndege, nikapika, nikasafisha. Shali nilikuwa nimeianika barazani kwenye baridi usiku kucha, kwa kuwa sufu ile siwezi kuiingiza mashine ya kufulia ya jengo. Nikapanga kila kitu ndani ya sanduku kama kilivyokuwa na kuliweka kitandani mwa binti yangu. Alipolifungua alikaa nalo muda mrefu. Kisha akaja jikoni, akanikumbatia kiunoni kwa nyuma, akarudi chumbani. Basi nilijua nimeokoka. Nikaendelea kukaanga vitunguu.

Asubuhi ya tarehe mosi bibi alimvisha sebuleni. Mimi nilikaa kiti cha mbali, macho chini, kama inavyotakiwa mbele ya mkwe. Sketi ilikuwa ndefu, akaipandisha kwa pini. Gauni, aproni, kofia ikamshuka hadi kwenye nyusi, wakaijaza karatasi. Nilikuwa nimenunua liki, mboga ile ndiyo nembo yao, na bibi akachomeka kipande kifuani mwa mtoto kama ua. Walikuwa wanazungumza Kiwelisi na mtoto alikuwa anacheka. Mwisho shali. Bibi akamzungushia mabegani, akaifunga kwa pini ya fedha, akaanza kunyoosha matamvua yake mgongoni.

Mkono wake ukasimama. Akainama, akanusa. Kulikuwa na doa lililokauka, kubwa kama kiganja, na harufu ya maziwa yaliyocheuliwa ambayo baridi ya usiku mmoja haiwezi kuitoa. Mimi nilikuwa nimehangaika binti yangu asijue ilikotoka, nikasahau kwamba huyu ni mama aliyelea. Akaniuliza kwa Kiingereza, bila ukali, hili ni doa la mtoto wa nani.

Miaka kumi na miwili nilikuwa sijamtazama usoni. Siku hiyo nilimtazama, kwa sababu nilichoka. Nikaeleza yote. Sanduku, dirisha, nilivyofoka, stoo ya uongo, kofia, Fisksätra. Nilisema kwa Kiingereza ili yeye anielewe, na binti yangu anaelewa Kiingereza kuliko mimi. Sikuficha hata kwamba mtoto alilia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Makelele nayajua, ni nyumbani kwangu. Hayakuja. Binti yangu aliuliza kwa Kiswidi, kwa sauti ndogo, "Hukugeuka hata kuangalia?"

"Sikugeuka."

Akalia amesimama wima, kofia kichwani, mikono imening'inia. Nilitaka kumshika nikashindwa kunyanyuka. Bibi yake alimshika. Nilisubiri mkwe aniambie kwamba sasa imetosha, mtoto anaondoka naye, na nilikuwa nimeshakubali moyoni, maana ningebisha kwa lipi. Aliponigeukia, machozi yamemjaa, hakusema habari ya shule wala ya Welisi.

"Na yule mtoto," aliuliza, "tangu juzi analala kwenye nini?"

Nikasema sijui. Nikasema niliahidi blanketi.

Binti yangu alimwelewa bibi yake kabla yangu. Alijipangusa uso kwa aproni. Akavua kofia akaiweka kitini, akachomoa pini mwenyewe, akaivua shali, akaikunja mara mbili, mara tatu, akaikumbatia kifuani. Kisha akaenda korido. Nilisikia kabati linafunguliwa, nikajua anatoa begi lake. Alirudi amevaa buti na jaketi juu ya ile sketi nyekundu, shali kwapani, na mkononi alishika koti langu.

"Vaa viatu, Baba," alisema. "Wewe ndiye unayeujua mlango."